Sehemu ya Kumi ya Senti: Mwongozo wa Kukusanya Tokeni za Kodi ya Mauzo za Marekani

Unataka kukusanya kitu cha kale lakini mfuko hauruhusu sarafu za dhahabu wala stempu za malkia. Basi tazama tokeni za kodi ya mauzo za Marekani. Ni vipande vya alumini, zinki, shaba ya manjano, plastiki, hata kadibodi, vingi vikiwa vya miaka ya 1930, vilivyomwezesha mnunuzi kulipa kodi isiyofika senti moja. Vilitengenezwa kwa mamilioni. Vile vya kawaida bado vinauzwa chini ya dola moja kila kimoja, na mara nyingi huja vimechanganywa kwenye mfuko mmoja kama njugu. Wakusanyaji wakubwa wa sarafu hawavijali sana, na hilo ni kwa faida yako.

Ielewe hesabu yake kabla hujanunua chochote, la sivyo utakuwa unakusanya vifungo vya koti. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, majimbo ya Marekani yalikosa mapato na mengi yakageukia kodi ya mauzo. Jimbo la Illinois lilianza kutoza asilimia 2 Julai 1933. Sasa chukua mtu anayenunua mkate wa senti 10. Kodi yake ni sehemu mbili za kumi za senti, na sarafu ya kiasi hicho haipo. Mwenye duka ama ailipe mwenyewe kutoka kwenye faida yake nyembamba, ama adai senti nzima. Akidai senti nzima, kodi ya asilimia 2 imegeuka kuwa asilimia 10. Tajiri anayenunua sofa haoni tofauti. Anayeumia ni yule anayenunua vya kupima, chumvi leo, sukari kesho, na kila safari anaacha senti mezani.

Kipimo kilichotumika kutatua jambo hili kinaitwa mili. Ni sehemu ya kumi ya senti, yaani sehemu moja ya elfu ya dola. Kimo katika sheria ya sarafu ya Marekani tangu 1792, ila serikali kuu haikuwahi kukifulia sarafu. Mwaka 1935 Waziri wa Fedha, Henry Morgenthau, aliliomba Bunge liidhinishe sarafu ya nusu senti na ya mili moja. Bunge halikufanya hivyo. Pengo hilo ndilo lililojazwa na tokeni utakazozikusanya.

Wa kwanza kulijaza walikuwa wenye maduka, na hapa ndipo ninapokushauri uelekeze macho yako mapema, hata kama mfuko utachelewa kufika. Kati ya 1933 na 1935 wafanyabiashara wa miji kadhaa ya Illinois walikubaliana, mji kwa mji, kutengeneza tokeni zao wenyewe. Nyingi ziliwekwa thamani ya robo senti. Mteja anatoa senti moja, anapewa nne, na kila akinunua kitu kidogo anarudisha moja. Robo senti ni kodi ya asilimia 2 kwa bidhaa ya senti 12 na nusu, kwa hiyo kwa kitu cha senti 10 mteja alizidishiwa kidogo tu. Hakuna aliyewaamrisha wafanyabiashara hao. Walijua kwamba mteja anayehisi anapunjwa atavuka kwenda duka la pili, nao wakaona bora wagawane gharama ya kufua vipande vya metali kuliko kugombana kila asubuhi juu ya senti.

Wakusanyaji huziita tokeni za muda, kwa sababu zilisubiri jimbo litoe zake. Jimbo lilipotoa, mwaka 1935, hizi za mitaani zikakosa kazi na nyingi zikatupwa. Ndiyo maana leo ni adimu kuliko za majimbo, na zinaweza kukutoa jasho kwenye mnada. Kipande cha mji mdogo kilichoandikwa jina la mji, kifupi cha Illinois na robo senti kinaweza kuuzwa mara nyingi zaidi ya tokeni ya jimbo iliyo nzuri kuliko chenyewe. Usianze nazo. Zisome, zijue kwa sura, halafu subiri siku utakapoiona moja ndani ya mfuko wa mchanganyiko ambao muuzaji hakuuchambua. Hutokea.

Tokeni ya jimbo la Illinois nayo ina kisa chake. Julai 1935 kodi ilipanda hadi asilimia 3, na jimbo likatoa kipande cha alumini cha mili moja na nusu. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka upige hesabu: asilimia 3 ya senti 5 ni mili moja na nusu barabara. Vya mwanzo vilikuwa vya duara. Serikali kuu ikalalamika kwamba vinafanana mno na sarafu, na Illinois ikahamia kwenye vipande vya mraba. Tafuta vyote viwili, uvilaze bega kwa bega kwenye ukurasa mmoja wa albamu. Havina gharama, na mtu yeyote atakayefungua albamu yako ataanza kuuliza maswali hapo hapo.

Seti yako ya kwanza iwe ya majimbo 12. Nayo ni Alabama, Arizona, Colorado, Illinois, Kansas, Louisiana, Mississippi, Missouri, New Mexico, Oklahoma, Utah na Washington. Kipande kimoja kutoka kila jimbo kinatosha kwa hatua hii. Ni kazi inayokamilika bila kuuza mbuzi, na ukiimaliza utakuwa umeshajua unapenda nini: maandishi, malighafi au ramani ya miji. Ohio utaiona pia ikitajwa katika vitabu, lakini Ohio ilitumia stakabadhi za karatasi zilizochanwa vipande viwili, nusu kwa mwenye duka na nusu kwa mteja, na vikundi vya hisani vilikusanya zile nusu za wateja ili kurudishiwa sehemu ya fedha. Ni uwanja wa watu wa stempu. Weka mbili tatu kama mfano, kisha uendelee na safari yako.

Soma maandishi, maana majimbo yalitumia vipande hivi kumtuliza mlipakodi. Oklahoma iliandika juu ya tokeni zake kwamba kodi ni kwa ajili ya kuwasaidia wazee. New Mexico ilitaja shule. Utah ilitaja mfuko wa misaada ya dharura. Louisiana ilianza kwa kuiita kodi ya anasa, baadaye ikatoa nyingine zilizoandikwa kodi ya ustawi wa umma; ziweke pamoja uone jinsi wanasiasa walivyobadilisha lugha. Alabama nayo iliandika kodi ya anasa. Hebu fikiria neno anasa likiwa limegongwa kwenye kipande chenye thamani ya sehemu ya kumi ya senti.

Washington inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayofundisha vizuri jinsi tokeni ilivyofanya kazi dukani. Chukua ile ya alumini ya 1935. Ni nyepesi kiasi kwamba ukiiweka kwenye kiganja hutajua ipo mpaka uiangalie. Katikati ina tundu la mviringo. Upande mmoja unataja tume ya kodi ya jimbo. Upande wa pili unasema ni kodi ya ununuzi wa senti 10 au chini yake. Haikutaja mili hata moja. Kodi ilikuwa asilimia 2, kwa hiyo thamani yake ni mili mbili, lakini mwenye duka hakuhitaji kujua hesabu hiyo. Alihitaji kujua bidhaa ni ya bei gani. Tundu lile linajulikana kwa yeyote aliyewahi kushika senti 10 za zamani za Afrika Mashariki, nalo humwezesha mtu kutofautisha kipande kwa vidole bila kuangalia.

Halafu Missouri. Ukiniuliza jimbo moja la kulikusanya kwa ukamilifu, nitakuambia hilo. Lilianza mwaka 1935 kwa vipande vya duara vya kadibodi, vya mili 1 na mili 5, vya umbo lile lile la vifuniko vya chupa za maziwa vya wakati huo. Kadibodi hailingani na mifuko ya wakulima. Ililowa, ikachanika, ikachafuka. Mwaka 1937 jimbo likahamia zinki. Vita vilipofika, metali ikahitajika kwingine, na kuanzia 1943 zikaja za plastiki, nyekundu kwa mili 1 na kijani kwa mili 5. Hizo ziliendelea kuzunguka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mrefu baada ya majimbo mengine kuacha. Kumbuka pia kwamba Missouri iliziita risiti za kodi ya mauzo, si pesa. Katiba ya Marekani inaipa Serikali Kuu peke yake haki ya kufua sarafu, na neno risiti lilisaidia kukaa mbali na mgogoro huo.

Kwa Missouri, basi, una karatasi, metali na plastiki, miaka ya njaa na miaka ya vita, ndani ya jimbo moja na kwa bei ya chakula cha mchana. Zile za plastiki utazipata nyingi hata usijue uzifanyie nini. Usizikatae haraka. Zimulike dhidi ya dirisha: nyingine hazipitishi mwanga kabisa, nyingine huonyesha kivuli cha kidole nyuma yake. Wakusanyaji huzitenganisha kwa hilo na kwa vivuli vya rangi. Hapo ndipo utapeli mdogo unapoingia, kwani plastiki nyekundu iliyokaa juani hupauka, na kuna muuzaji atakayeiita ya waridi na kuipandisha bei. Igeuze. Upande mmoja ukiwa mwekundu kuliko mwingine, hilo ni jua limefanya kazi, hakuna rangi adimu hapo.

Kuhusu malighafi kwa jumla, vidole na masikio vitakusaidia kuliko macho. Zinki ni nzito zaidi ya mara mbili na nusu kuliko alumini ya ukubwa ule ule. Dondosha alumini juu ya meza, utasikia mlio mwembamba. Zinki inatoa sauti nzito, butu. Sumaku haitakusaidia, maana hakuna hata moja kati ya metali hizi za kawaida inayovutwa. Vipande vya nyuzi zilizoshindiliwa, ambavyo majimbo kadhaa yalivitumia wakati wa vita, hufanana na plastiki kwa mbali, lakini ukitazama ukingo kwa lenzi utaona matabaka kama ya kadibodi ngumu. Plastiki haina matabaka. Nunua lenzi ya kukuza mara kumi na kalipa ya bei nafuu. Vifaa vingine vyote ni mapambo.

Sasa uhifadhi. Msomaji wa Nairobi au Arusha anaweza kupita haraka hapa. Wa Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat asome mara mbili. Alumini na hewa ya chumvi haviivi chungu kimoja. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilijaribu kufua nusu senti ya alumini kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda mwaka 1908, na mwaka uliofuata ikahamia kwenye mchanganyiko wa shaba na nikeli. Zinki nayo huota unga mweupe penye unyevu, na kadibodi hupata madoa na ukungu. Weka kila kipande kwenye kifuko chake cha karatasi isiyo na asidi au cha plastiki ngumu isiyo na PVC. Vile vifuko laini vinavyonuka kama pazia jipya la bafu viepuke, kwa sababu mafuta yake hutoka polepole na kuacha utando wa kijani kwenye shaba ya manjano. Funga albamu ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, na uzibadilishe zinapochoka.

Usisafishe. Najua mkono unawasha. Ndimu, majivu, soda ya kuokea, dawa ya meno, vyote hivi vimeharibu tokeni nyingi kuliko miaka themanini ya kukaa kwenye droo. Zinki iliyosuguliwa hupoteza ngozi yake ya kijivu na haitarudi. Kama kuna udongo, iloweke kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, uikaushe kwa kuigusa na kitambaa laini, bila kusugua. Kadibodi usiiguse na maji kabisa.

Ununuzi wenyewe ni rahisi ukiwa Marekani: maduka ya vitu vya kale, minada ya mali za marehemu, meza za wauza sarafu, makopo ya vifungo vya bibi za watu. Ukiwa huku nyumbani, utaagiza. Kinachokula fedha ni usafirishaji, kwa hiyo usiagize kipande kimoja kimoja. Tafuta mfuko wa mchanganyiko, uliza una majimbo mangapi, na omba picha ya pande zote mbili yenye rula pembeni. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya upande wa pili ana sababu, nawe huna haja ya kuijua. Ukiwa na ndugu Kansas City au St. Louis, mwambie aangalie anapopita kwenye maduka ya mitumba. Huko Missouri atapata vya kutosha.

Ndani ya mfuko huo utakuta na wageni. Vipande vidogo vyekundu na vya buluu vyenye herufi O, P na A ni vya mgawo wa chakula wa mwaka 1944: vyekundu kwa nyama na mafuta, vya buluu kwa vyakula vilivyosindikwa. Havihusiani na kodi, lakini wauzaji huvichanganya kila mara. Kuna vya nauli ya basi, vya kuoshea magari, na vile vya baa vinavyoahidi kinywaji kimoja. Kanuni ni fupi: pasipo neno la kodi au la mili, au sehemu ya senti, kiweke pembeni ukichunguze baadaye.

Kitabu cha kuwa nacho ni kile cha Merlin Malehorn na Tim Davenport cha 1993, ambacho ni historia na katalogi kwa pamoja na kinashughulikia tokeni na stempu. Namba zake ndizo wakusanyaji wanazotumia wanapoandikiana. Kabla yake, mwaka 1977, Pfefferkorn na Schimmel walichapisha historia inayosomeka vizuri kuliko katalogi yoyote. Chama cha wakusanyaji hawa, American Tax Token Society, kilianzishwa 1971. Matoleo ya zamani ya jarida lake yana mambo ya miji midogo ambayo hutayapata kwingine.

Kuhusu thamani, niseme wazi. Ukitaka mali, nunua kiwanja. Albamu nzima ya majimbo 12 haitakusomeshea mtoto hata muhula mmoja, na anayekuahidi vinginevyo anataka kukuuzia ya kwake. Hata wakati wa matumizi yake, tokeni hizi hazikushindwa kwa sababu za thamani. Zilishindwa kwa sababu watu walichoka. Mifuko ilijaa vipande visivyonunua kitu, wauzaji walichoka kuvihesabu, na majimbo yakagundua jedwali linaloonyesha bei kutoka hapa hadi pale hulipiwa senti moja, na chini ya hapo hakuna kodi. Kansas ilitoa zake mwaka 1937 na kuziacha 1939. Usumbufu huo wa kila siku ndio unaoufanya uwanja huu uwe na uhai, maana kila kipande kilipita mikononi mwa mtu aliyekuwa akihesabu sehemu za senti.

Kwa hiyo andika. Kila kipande kinapoingia nyumbani, andika kwenye kadi: jimbo au mji, malighafi, kipenyo kwa milimita, kina tundu au hakina, ulikipata wapi, kwa bei gani, na kama aliyekuuzia alijua kilikotoka. Kumbukumbu ya binadamu ni bahasha iliyotoboka; kadi ya shilingi chache inadumu. Hili linahusu hasa tokeni za mitaani za Illinois, kwa sababu zilitengenezwa na vikundi vidogo vya wenye maduka ambavyo havikuacha nyaraka nyingi. Ukikutana na ya mji ambao haumo kwenye katalogi, au ya mji unaojulikana lakini kwa metali tofauti, usikimbilie kuiuza. Ipime, ipige picha pande zote mbili na ukingoni, kisha wapelekee wanaotunza katalogi wakupatie jibu kabla hujaitoa mkononi.